Ijumaa za Kumjibu Bwana wa Filamu

Juzi nimeiona tena ile filamu ya zamani tuliyoitazama utotoni, safari hii bila mtu wa kunisimulia, nikabaki kinywa wazi. Rafiki yangu, yule mwanamke wa kwenye filamu kumbe haongei! Anapiga mayowe, anakimbia, anaomba radhi, basi. Mimi utotoni nilimjua kama mtu mwenye ulimi mkali, hashindwi kwa maneno.

Ulimi ule ulikuwa wa jirani yetu wa Jumeirah Village Circle, kule Dubai, Mganda, mlinzi wa jengo kule Marina. Kwao aliwahi kufanya kazi kwenye vibanda vya video, akishika kipaza sauti na kuwatafsiria watu filamu papo hapo. Huku akawa anatutafsiria sisi kila Ijumaa, siku ya mapumziko enzi zile, mama akishaepua pilau na viatu vya wageni vimejaa mlangoni hadi hapapitiki.

Tulipenda filamu za mwongozaji mmoja, marehemu wa siku nyingi, bingwa wa kuwaweka watu roho juu. Lakini wanawake aliwaonea, jamani! Wote wazuri, wote nywele za dhahabu, na kila mzuri lazima atishwe, achunguliwe dirishani, avalishwe anavyotaka mwanamume. Jirani hakuvumilia. Mwanamke akinyamaza, yeye alimtilia maneno: "Wewe bwana, kwenu hakuna kazi?" Tulicheka hadi chai ikatupalia.

Sasa, mama mdogo alikuwa na mchumba, msimamizi hotelini, na nyumbani kwetu Tanga walishaambiwa habari za uchumba huo. Bwana mtanashati, ila alianza kumchagulia mtandio, kisha viatu, kisha akamkanya asicheke kwa sauti. Mama mdogo, fundi wa kucheka, akawa anatabasamu tu. Iliniuma sana.

Ijumaa moja mchumba akaja, akapakuliwa sahani ya kujaa. Kwenye filamu mwanamume akaanza kumwamuru mwanamke: nywele zibane hivi, vaa gauni lile. Tukamgeukia jirani. Akatafuna taratibu.

"Leo maneno yangu imeisha. Nyinyi mumujibu."

Halafu mama mdogo, macho kwenye skrini, akasema, "Nywele zangu, kicheko changu. Kama hunitaki hivi nilivyo, niache. Khalas."

"Unamwambia nani?" mchumba akauliza.

"Namwambia huyo. Na wewe kama umesikia, umesikia."

Bwana alimaliza pilau yake, akashukuru vizuri, hakurudi tena. Mama mdogo alilia kidogo jikoni, kisha akacheka, kile kicheko chake cha kusikika hadi kwenye lifti.

Siku hizi Ijumaa watu wako kazini, jirani karudi kwao, na ile nyumba wanakaa wengine. Mama mdogo ameolewa na mtu anayesinzia filamu ikianza tu. Nikimuuliza habari za siku ile, ananiambia sura ya yule mchumba imeshamtoka akilini kabisa. Anachokumbuka ni sisi, matonge mikononi, hakuna anayekula, tukimsubiri yeye aseme.