Jina la Tatsuki Halikutajwa, Sasa Anaushusha Mkono

Saa moja kasoro asubuhi, umande ungali kwenye majani, Tatsuki Nishimori anainama juu ya tuta, anashika mashina ya tangawizi na kuyavuta. Anatumia mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia umetulia mfukoni mwa koti.

"Huo mwingine kazi yake nini?" anauliza Bi Fusae Okabayashi, mwenye shamba, mwenye umri wa miaka 71.

"Huu ni wa timu, bibi."

"Basi waje wenyewe waulishe."

Tatsuki anacheka kidogo, bila nguvu. Hii ni wiki ya pili ya mavuno na mgongo umekaza kama ubao.

Ana miaka 23. Ni mrushaji wa kulipwa wa besiboli katika ligi ndogo ya kisiwa cha Shikoku. Hupata yeni 130,000 kwa mwezi, miezi minane ya msimu tu. Novemba mshahara hukatika, naye huja shambani.

Alijiunga na timu miaka miwili iliyopita akitokea kiwandani, alikokuwa akifunga vipuri vya pampu. Mama yake alimpinga. Akamwomba mwaka mmoja tu.

"Nilidhani kurusha ndiyo kazi," anasema. "Kumbe kazi ni kukaa ndani ya basi. Masaa matatu kwenda, masaa matatu kurudi, unashuka kiuno hukisikii, halafu unasimama mbele ya watu mia mbili unatabasamu."

Agosti mwaka huu alikuja msaka vipaji wa timu moja kubwa. Siku hiyo Tatsuki alirusha vizuri kuliko siku zote. Mpira wake ulifika kilomita 146 kwa saa. Wapigaji tisa walirudi benchi wakitikisa vichwa.

Oktoba, siku ambayo timu kubwa huteua wachezaji wapya, kikosi kizima kilikaa ukumbini kwa suti, macho kwenye runinga. Jina moja la kwao lilitajwa: Ryoga Hamachika, mdakaji anayepanga naye chumba kimoja.

"Tulimrusha juu mara tatu. Nilimshika miguu," anasema Tatsuki. "Nilifurahi kweli. Baadaye nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka kocha akaja kugonga."

Mama yake alimpigia simu mara nne. Hakupokea.

Kesho yake Kocha Sakauchi alimwita na kumweleza alichosema yule msaka vipaji: warushaji wa mkono wa kulia, wenye kasi ile, wanaorusha kwa juu, nchi nzima wamejaa.

"Hukuvurunda," kocha alimwambia. "Mko wengi tu. Shusha mkono, urushe kutoka ubavuni."

"Nianze upya, kocha?"

"Mimi sikulazimishi. Uwanja uko wazi kila siku saa tisa."

Alikaa siku sita bila kwenda. Tangu utotoni alikuwa amerusha kwa njia moja, na njia hiyo ndiyo iliyomfikisha pale. Siku ya saba alikwenda. Mipira ishirini ya kwanza ilizama kwenye mchanga. Iliyofika ilikuwa na kasi ya 129.

"Niliona aibu, na hapakuwa na mtu ila kocha," anasema. "Lakini mmoja ulipinda, ukamkwepa kocha mwenyewe, aliyesimama kuupiga na gongo lake mkononi. Akasema, rudia. Sikuweza. Mpaka leo nautafuta."

Mchana wafanyakazi wanakaa pembezoni mwa shamba na matonge yao ya wali. Bi Fusae anamsogezea vipande vya jodari aliyebabuliwa kwa moto wa mabua.

"Wakikukataa tena, njoo," anasema. "Tangawizi haichagui mtu."

"Najua, bibi. Ndicho kinachonitisha."

Bi Fusae anacheka mpaka anajifuta macho.

Timu itaamua mwishoni mwa Januari kama itampa mkataba mwingine. Mpaka hapo mpango wake ni mmoja: shamba hadi saa nane, uwanja saa tisa, mipira themanini kutoka ubavuni, hata siku za mvua.

Mama yake alimpigia tena wiki iliyopita. Safari hii alipokea.

"Nikamwambia, mama, mwaka mmoja. Akaniuliza, si ndivyo ulivyosema mwaka juzi? Nikasema ndiyo. Akauliza anitumie soksi nzito jozi ngapi."