Mti wa Pili wa Bango

Mtu asiwadanganye kwamba niliandamana kwa ajili ya wanawake wote. Niliandamana kwa ajili ya mikorosho yangu. Mume wangu alikufa, na arobaini haijafika, mpwa wake akaja shambani kwetu Ruponda na kopo la rangi nyekundu, akawa anapaka shina moja baada ya jingine, alama kwamba sasa ni yake. Kwetu ndivyo walivyozoea: mali ya mwanamume inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Mimi niliyechimba mashimo yale na mimba ya miezi saba nikaambiwa nishukuru kuachiwa nyumba. Nilimchukia kijana yule mpaka nikimwona anakula natamani tonge limkabe.

Kwa hiyo akina mama wa mjini walipopita na kipaza sauti wakiwaita wajane Nachingwea kwa Siku ya Wanawake, nilikuwa wa kwanza kupanda lori. Tulipofika, mama mmoja mwenye kofia akanipa mti wa bango refu la kitambaa: MJANE ANA HAKI KATIKA MALI ALIYOCHUMA. Lilikuwa la kushikwa na watu wawili. Nikageuka nione nani kashika mti wa pili. Alikuwa mjane wa kaka yangu.

Hatukuwa tumeonana tangu kaka alipofariki kule Narung'ombe, na mwanangu, mpwa wake, akachukua mikorosho yote. Siku ya kumtoa mwenzangu pale shambani nilikuwepo. Niliwapikia waliokuja kugawa, na alipolilia godoro nikamwona ana tamaa.

Tukaandamana. Kwa mafundi baiskeli wanaume wakatuzomea, mmoja akauliza hawa wake za nani, nyumbani wamemwachia nani jiko. Nikampa tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Wale hawakuniumiza. Aliyeniumiza ni huyu wa pembeni. Kila nikilegeza, anavuta bango mpaka linakaza, wala hanitazami, na nyimbo anaimba kunizidi.

Uwanjani tukaelezwa: nendeni baraza la ardhi, na kila mtu awe na shahidi aliyemwona akipanda. Shahidi wangu alikuwa mmoja tu. Msimu ule wa kupanda, mke wa kaka alikuja kukaa kwetu, akachimba na mimi, akachota maji na mimi. Wengine walioona wamekwisha kufa. Nikamfuata, nikamwomba aje anishuhudie.

"Nitakuja, wifi," akasema. "Kwanza mwambie mwanao anirudishie yangu."

"Ile ni mila," nikamjibu. Mdomo ulitangulia kabla sijauzuia.

Akacheka cheko la dharau, akaanza kukunja bango. Nilitamani kumzaba kibao. Nani kampa ubavu wa kuniwekea masharti, mtu niliyemwomba jambo moja tu? Nilirudi nyumbani nikimtukana njia nzima.

Hata hivyo kabla ya siku ya baraza nilikwenda Narung'ombe kwa mwanangu. Akanichinjia kuku. Wajukuu wakanipandia mapajani, yule mkubwa ananionyesha viatu vya shule. Mikorosho ilikuwa imestawi mpaka karibu na choo. Nilikaa siku mbili, maneno ninayo mdomoni, nikayameza pamoja na mchuzi. Ningemwambia nini, awatoe watoto wake pale? Nilijipa sababu hiyo, na bado najua ni uongo, kwa sababu hata nusu ya shamba sikumwomba.

Barazani mpwa wa marehemu alikuja na mashahidi watano, wote waongo, wananitazama kama nimeiba. Wazee wa baraza wakaniuliza nani aliniona nikipanda.

Mjane wa kaka yangu alikuwa amekaa benchi la nyuma. Amekuja mwenyewe, sikumwita, amejifunga kanga ileile ya maandamano. Ningemtaja, angesimama akasema nilichimba. Halafu wangemuuliza na yeye mikorosho yake iko wapi, na kwa nani.

Akainuka kidogo kwenye benchi, akanisubiri.

Nikasema hakuna aliyeniona.