Masharubu ya Mwendesha Winchi

Masharubu yale yalikuwa na miaka kumi na tisa, yaani yaliizidi ndoa ya mwenye nayo kwa mwaka mmoja, na mwenyewe aliyatunza kuliko ndoa. Asubuhi aliyapaka mafuta, mchana aliyachana, na akitaka kusema neno zito aliyapinda ncha kwa vidole viwili. Kazi yake ilikuwa kuendesha winchi kwenye majengo: kupandisha ndoo za zege, kushusha mbao. Shule aliiacha mapema, lakini uzito na mwendo alivijua kwa mikono, na wenzake wa saiti wakambandika jina la Profesa. Jina hilo ndilo lililomharibu.

Jumamosi moja alikuwa kwa kinyozi akingoja zamu. Kwenye televisheni, shujaa mmoja mwenye nguo za kubana na shuka mgongoni alipaa, akamdaka binti aliyekuwa akianguka kutoka ghorofa ya arobaini, shubiri moja kabla hajafika chini. Binti akatabasamu, hata nywele hazijamtimka.

"Huyo amekufa," Profesa akasema.

Kinyozi akazima mashine. "Amekufaje, na anacheka?"

"Si mnasema mwili wa shujaa ni wa chuma? Basi huyo ni sakafu iliyoota mikono. Mimi nikishusha mzigo mbio halafu nikafunga breki ghafla, kamba inakatika. Kuanguka hakuui mtu, bwana. Kinachoua ni kusimama ghafla. Huyo binti katoka vipande vitatu."

"Una wivu tu. Shujaa ana nguvu zake."

"Nguvu ni zake yeye. Mbavu ni za binti."

Wateja wakacheka, na kicheko kikamlevya. Akasimama, akapinda ncha za masharubu, akatangaza kwamba hakuna mikono duniani inayoweza kudaka hata yai kutoka ghorofa ya tatu likabaki zima. Akipatikana wa kulidaka, yeye atanyolewa masharubu hadharani. Kinyozi naye akaweka rehani picha kubwa ya yule shujaa, iliyotundikwa juu ya kioo chake. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wa Profesa ulimponza jirani yake wa juu, yule anayepakwa mafuta kila asubuhi.

Mayai yalitoka kwa mkewe, anayefuga kuku, kwa hiyo mwamuzi akawa yeye, wala hakuomba ruhusa ya mtu.

"Mayai yangu sita haya," aliwaambia watu wa saiti Jumatatu, wakati wa mapumziko ya mchana. "Yatakayopasuka mtayalamba wenyewe. Haya baba watoto, panda."

Profesa akapanda mpaka ghorofa ya tatu, kinyozi akasimama chini. Yai la kwanza lilitua kwenye viganja vya kinyozi, alivyovikaza kama sinia, likamrukia usoni. La pili likamwingia kwenye mkono wa shati. La tatu alilikosa, lakini lenyewe halikumkosa bega. Kule juu Profesa akajaa furaha, na furaha ikamfungua domo.

"Unakaza mikono, ndugu yangu. Mzigo haupokelewi hivyo. Unaufuata, unashuka nao, unaupunguzia mwendo kidogo kidogo mpaka unatulia wenyewe."

Mkewe akainua macho. "Baba watoto, nyamaza."

"Niache nimfundishe. Mtu hanyimwi elimu."

Kinyozi akajifuta ute kwenye nyusi. Huyu ni mtu aliyeshika shingo za watu miaka ishirini bila kumshtua hata mtoto mchanga. Yai la nne akalipokea viganja vikiwa juu ya kichwa, akashuka nalo kifuani, akapita nalo tumboni, akachuchumaa nalo mpaka magotini. Akafungua viganja.

Mwamuzi akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga, akalitikisa sikioni. "Zima," akasema.

"Mimi nilikuwa nazungumzia mikono ya chuma," sauti ikadai kutoka juu.

"Ulisema hakuna mikono duniani. Na hii ni ya duniani, ilimnyoa baba mkwe wangu. Shuka."

Akashuka ngazi moja moja kama mtu anayeitwa polisi. Wakamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, kinyozi akatoa wembe.

"Lakini yule wa kwenye televisheni hakushuka naye," Profesa akanung'unika. "Alimsimamisha palepale. Binti bado amekufa."

"Amekufa, ndugu yangu, viganja vyangu vimekubali. Picha naibandua leo. Sasa funga mdomo, nisije nikakuongezea jeraha."

Kunyoa kulipokwisha, mkewe akasogea, akamshika kidevu, akautazama ule mdomo wa juu ambao kwa miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kuuona. Akautazama kushoto, akautazama kulia. Kisha akamgeukia kinyozi.

"Yarudishe," akasema.