Siku Walipomwombea Baba Aliye Hai

Ipo siku moja, mwanangu Riziki, ambayo sijawahi kumsimulia mtu hapa Malvern, Johannesburg, na juzi umenikumbusha bila kujua. Tulikuwa tunafunga duka ukaniambia, "Mama Filo, Jumamosi wazazi ya mchumba wangu watakuja kukusalimia, sababu ni wewe uko kama mama yangu huku. Wakiuliza, sema niko nafanya ku ofisi kule Midrand. Usiseme niko nashona." Sikukujibu, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Hebu weka hiyo nguo chini kidogo, nikueleze.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Baba alikuwa amenileta Johannesburg kutoka Dar es Salaam, sisi wawili tu, maana mama alishafariki. Akakodi chumba Jeppestown, akaweka cherehani, akawa anashona suti. Sisi ni Wagoa, asili yetu ni Goa, India, ingawa mimi na baba tulizaliwa Dar. Na Wagoa wa Dar, mwanangu, walikuwa na matabaka yao. Makarani walikuwa na klabu yao, na fundi cherehani hakuwa mwanachama, hata kama suti walizovaa humo kazishona yeye. Kanisani tulikaa benchi moja. Kwenye kuoana, kila mtu na wa kwake. Nilidhani mambo hayo tumeyaacha Dar, kumbe watu walihama nayo.

Nikampenda Aleixo, Mgoa mwenzangu, mtoto wa karani mstaafu. Sitakudanganya, nilimpenda sana. Alikuwa akija kwetu anakunywa chai na baba, wanacheka. Lakini tulipoanza kuzungumza habari za ndoa akaniambia, "Filo, mama hatakubali mtoto wa fundi. Tutafute njia."

Njia ikatafutwa na mjomba wangu Benito, kaka wa marehemu mama, aliyetutangulia kuhamia huku. Wao wasije Jeppestown, twende sisi kwao. Mjomba azungumze kama mkubwa wa familia, na wakimuulizia baba, aseme yuko safarini. Mimi nilikataa. Baba ndiye aliyenisukuma. Alikuwa anapiga pasi koti, hakunyanyua macho, akasema, "Nenda, mwanangu. Mimi kubaki nyumbani hakuniumi." Kulimuuma. Aliunguza kola ya lile koti, na baba hakuwa mtu wa kuunguza nguo.

Basi tukaenda. Mama yake Aleixo alitupokea vizuri, na upole wake ndio uliozidi kunitia hofu. Alinikatia keki kwa mkono wake. Kisha akauliza, "Na baba yako, binti, tutamwona lini?"

Nikamtazama mjomba. Nadhani pale pale ndipo alipokumbuka kwamba msafiri hurudi, na kwamba wangeuliza tena na tena. Akaingiwa na woga. Akaweka kikombe mezani akasema, "Shemeji yangu alishatutoka. Mungu amrehemu."

Mama yake Aleixo akafanya ishara ya msalaba, akasimama. "Maskini mtoto! Basi tumwombee kwanza. Jina lake nani?" Mjomba akalitaja. Wote wakasimama, na mimi nikajikuta nimesimama. Nikamgeukia Aleixo, nikasema moyoni, huyu atasema, huyu anamjua. Aleixo akafumba macho, akasali pamoja nao.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Kusikia baba yako anaombewa raha ya milele, naye saa hiyo yuko Jeppestown ananisubiri nirudi na habari njema! Nikasema, "Yuko hai." Hawakunisikia. Nikasema tena, safari hii kwa nguvu: "Mama, naomba muache. Baba yangu yuko hai. Ni fundi cherehani."

Sala ikakatika. Mjomba akanivuta mkono. "Filo, kaa chini!" Sikukaa. Mzee wa nyumba ile akamuuliza mwanawe, "Wewe ulijua?" Aleixo akainamisha kichwa. Yule mama akanigeukia. "Mtoto wa fundi labda ningemkataa," alisema, "labda ningemkubali, sijui. Lakini mmenifanya nimwombee mzima kama maiti, ndani ya nyumba yangu. Nendeni."

Nilifika kwa baba nikiwa nimekusudia kumficha lile neno la mjomba. Nikashindwa, nikamwambia lote. Alizima cherehani, akakaa. Nilidhani atamlaani mjomba. Akasema, "Benito alimalizia tu. Mimi ndiye niliyekubali nisionekane." Kisha akanikazia macho kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. "Na wewe siku nyingine nikikuomba upuuzi kama huu, ukatae mpaka mwisho. Umenisikia?"

Aleixo alikuja baadaye kuomba radhi. Baba alimpokea. Mimi sikutoka chumbani, na nililia miezi mingi. Aliyenioa, marehemu mume wangu, alikuja kuniposa pale pale Jeppestown, akakaa katikati ya vitambaa, na baba ndiye aliyenishika mkono kunipeleka altareni.

Kwa hiyo sikiliza. Uongo wa namna hii huuanza wewe, lakini huwezi kuchagua mwingine ataufikisha wapi. Jumamosi nitawapikia wakwe zako, nitawakaribisha. Wakiniuliza nitasema unashona, na kwamba unashona vizuri. Mwambie mchumba wako leo, wala usingoje Jumamosi, awaambie wazazi wake mwenyewe. Wakikukataa, utaumia, mimi niliumia, sitakuficha. Nitakuwa hapa. Ila usiolewe kwenye nyumba ambayo kila mgeni akibisha hodi moyo unakuruka.

Mungu akujalie watu watakaolitaja jina lako lote, na kazi yako, mbele za watu bila kumeza mate. Aibariki hiyo mikono, nawe ukazeeke ukijulikana. Amina.