Wageni Laki Tatu

Mimi huuza viatu vya mitumba Makongeni, na kitu ninachokijua kuliko viatu ni sura ya mtu asiyeweza kusema hapana. Huiona ikiwa bado hatua kumi kutoka kwenye turubai langu. Jirani yangu alikuwa nayo. Alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya kiwanda hapa Thika, kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Jamaa zake hawakupungua. Waliendelea kuja mjini kutafuta kazi, na kila aliyebisha alifunguliwa. Siku moja nilihesabu viatu mlangoni pake nikapata jozi saba. Nikahesabu tena nikapata nane, maana kuna mtu aliingia nikiwa bado nahesabu. Chumba kilikuwa kimoja.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukienda kucheza mchezo wa kompyuta kwenye duka la mama mmoja mwenye mashine kumi. Ni mchezo wa kutawala sayari. Unapewa sayari yako, watu wachache, na anga nzima ya kugombania. Vijana walipenda vita. Sisi wawili tulipenda kodi. Watu wakiongezeka, viwanda vinapata mikono na kodi inapanda, lakini kila sayari ina kiwango chake. Ukikipita, yule aliyezidi hana kazi wala nyumba, ila mdomo anao. Chakula kinapungua, watu wanakasirika, kodi inashuka, na usipoangalia wanachoma viwanda. Hakuna mahali mchezo unakuambia haya. Unayajua kwa kuungua. Mimi nilikuwa nimeungua mara mbili. Jirani hakuwahi, kwa sababu sayari yake aliilea polepole kama ng'ombe wa maziwa.

Jumapili moja mama akatutangazia kwamba anafungua duka la pili, Ruiru, na anataka mtu wa kulisimamia.

"Barua za kazi nimesoma nikachoka," akasema. "Wote ni wachapa kazi, wote wanamcha Mungu. Mwisho wa mwezi nitaangalia hazina za sayari zenu. Mwenye kubwa kuliko zote ndiye atashika funguo. Aliyelisha sayari hatashindwa na mashine kumi na mbili za kule."

Jirani alijipangusa viganja kwenye suruali. Hazina yake ndiyo iliyoongoza, na kila mtu pale alijua amekaa miezi mitatu bila kazi. Mimi nilikuwa na viatu vyangu. Kazi ile sikuihitaji. Niliitaka tu, jinsi ninavyotaka kila kitu ambacho mtu mwingine yuko karibu kupewa.

Hesabu ilikuwa hivi. Sayari yangu ilitosha watu laki sita na ilikuwa na laki tisa, ndiyo maana hazina ilikuwa inavuja. Yake pia ilitosha laki sita na ilikuwa na laki tano. Mchezo unaruhusu kumpelekea mwenzako watu kwa meli, mradi akubali.

"Jirani," nikamwambia, "nina watu laki tatu hapa wanatafuta makao."

"Laki tatu! Wana nini?"

"Wana mikono. Si viwanda vyako viwili vimelala kwa kukosa watu? Ama naona vibaya?"

"Unaona vizuri. Lakini kwangu imebaki nafasi ya laki moja pekee."

"Basi waache. Kuna mtu wa mashine ya tatu anawataka wote."

Mashine ya tatu ilikuwa imeharibika tangu Pasaka.

"Ngoja, bro, sijakataa. Nipe hao laki moja."

"Kastoma, hawa ni familia. Utachukua mama uache mtoto?"

Meli zilikuwa zimeshajipanga kwenye ukingo wa anga yake, na skrini ilikuwa inamuuliza kama zitue au zirudi. Akainama karibu nayo.

"Wameshafika mlangoni?"

"Wamefika. Safari yao ilikuwa ya miaka kumi na miwili." Ilikuwa ya dakika mbili.

"Sasa mtu amefika mlangoni utamrudisha aje?" Akabonyeza.

Kwanza kodi yake ilipanda, akanigusa kiwiko. "Umeona? Kila kichwa na baraka yake." Nikamwitikia amina. Jumapili iliyofuata ghala la chakula lilikuwa tupu. Akatoa watu viwandani akawapeleka mashambani, viwanda vikafa. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna njia ya kupunguza watu.

"Ipo. Unawapakia melini, unawaachia huko nje."

"Huko nje kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Aliondoa mkono kwenye mausi kana kwamba imemchoma. Kisha akawafutia kodi wote, wapate kununua chakula. Hakuna aliyechoma kiwanda kwake, na siku ya mwisho watu wake walikuwa na furaha kuliko wa sayari yoyote mle ndani. Mama hakuuliza habari ya furaha. Alisoma hazina tu. Yangu ilikuwa ya kwanza, yake sufuri.

Jirani alinipa mkono, akaushika wangu kwa yote miwili. "Hongera, bro. Umecheza." Alisema bila kejeli. Ningependa ingekuwepo.

Turubai nikamwachia mke wangu, nikaenda Ruiru. Wiki ya pili jirani akatokea mlangoni, na nyuma yake dada mmoja amebeba mfuko wa nguo. Viatu alivyovaa dada vilitoka kwangu, jirani alivinunua kabla sijaja Ruiru. Bei niliyotaja ndiyo aliyolipa, hajui kupunguziwa.

"Sikuja kwa ajili yangu," akasema. "Huyu ni shemeji, amefika jana. Anaweza kufagia, kupokea wateja, chochote. Nimesikia unatafuta mtu."

Nilikuwa natafuta. Mama alikuwa amenipigia asubuhi ile ile kunikumbusha.

"Nafasi imejaa, kastoma."

Akachungulia ndani juu ya bega langu, kisha akaangalia chini upesi, kama mtu aliyemkuta mwenzake anavaa.

"Mmoja tu, bro. Amefika mlangoni."

"Imejaa."

"Sawa. Mungu akubariki." Akampokea shemeji mfuko, wakarudi upande wa barabara kuu.

Nikageuka nikahesabu. Mashine kumi na mbili, watu tisa, na ufagio umeegemea ukuta. Nikahesabu tena.