Mdomo wa Tai

Nakusanya sarafu na noti kuukuu za Ulaya. Hapa Segese, ambako kila mtu anatafuta dhahabu, wananiona nimepungukiwa akili, nami sibishani nao. Kazi yangu ni kutengeneza redio. Wateja wakipungua nafungua kopo langu la sarafu, natoa lenzi, najifurahisha.

Jirani yangu, mchimbaji wa dhahabu, aliniletea kipande chenye kutu alichokiokota akichimba choo uani kwa mama yake. Nikakigusisha sumaku ya spika, kikanasa. Upande mmoja namba kumi, upande wa pili tai. Nikamweleza kuwa ni sarafu ya pfenigi kumi ya Mjerumani, ya wakati wa ile vita ya kwanza, alipoishiwa madini bora akafua pesa kwa chuma. Yaelekea ilidondoka mfukoni mwa mmisionari. Thamani yake ndogo.

"Thamani siulizi, kaka. Huyu tai anaangalia wapi?"

Swali hilo nililijua. Huku kwetu wapo wanaoamini kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia masanduku ya dhahabu, akaacha sarafu kama alama, na mdomo wa tai ndio unaoonyesha njia. Jirani alikuwa amekariri jinsi sarafu ilivyolala udongoni. Mdomo ulielekea nyumba ya mama yake.

Nikamwaga kopo zima mezani. Tai wote wa aina ile walitazama upande uleule, maana ndivyo walivyochongwa kiwandani. Nilidhani nimemaliza maneno. Akawaangalia, akasema, "Kumbe masanduku ni mengi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikasirika nikamfukuza, na hasira yangu haikumzuia kitu.

Lile shimo la choo akaliongeza kina, kisha akaligeuza kuelekea chini ya nyumba. Mwenyekiti wa kitongoji alipokuja kuuliza aliambiwa bado ni choo. Ufa ukapanda kutoka kwenye msingi hadi dirishani. Nilipita kila asubuhi kuutazama, na kila asubuhi niliogopa zaidi.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya nilikwenda kumsihi yule mama ahamie kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Nilipokaa niliisikia kwa nyayo: nyundo, chini ya sakafu, kimya, halafu nyundo tena. Nikamwambia nyumba itaanguka.

"Najua. Mvua ikinyesha, hata ile miti aliyokingia udongo huko chini haitashika."

"Sasa unangoja nini, mama?"

"Nikitoka, atachimba bila woga. Nikiwa hapa juu yake, anagonga polepole."

Akainuka, akaniomba nimsaidie kusogeza kitanda. Nilidhani anataka kiwe karibu na mlango, apate kukimbia. Akakivuta mpaka katikati ya chumba, pale mlio ulipotokea, akaketi juu yake na kukunja mikono. Matone ya kwanza yakaanza kuangukia bati. Chini yetu nyundo iliendelea.