Dele la Sauti ya Kukwaruza

Juzi, katika duka moja la Bur Dubai, muuzaji aligonga dele la kahawa la shaba kwa ukucha, na mlio wake wa kukwaruza ukanirudisha kwenye klabu ya kulenga shabaha alikofanya kazi Baba.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilikaa kando yake, hewa ikinuka baruti na mafuta ya bunduki. Alikuwa akichagua maganda ya shaba ya risasi, ya kujazwa upya. Aliyatikisa machache kiganjani, akasikiliza. Yaliyolia kama kengele aliyabakisha. Lililokwaruza alilitupa ndooni. Leo najua mlio ule ni wa ufa, na ganda lenye ufa laweza kumpasukia mtu usoni. Wakati ule nilijua tu kwamba sauti yangu nayo ilikwaruza, na shuleni walinicheka. Kumbe hata Baba hapendi sauti za kukwaruza! Nikafunga mdomo.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?"

Nilinyoosha kidole kwenye ndoo. "Hayo unayatupa?"

"Nani kasema? Yanayeyushwa, yanakuwa madele."

Pale dukani, muuzaji alidhani nimelikataa dele lake. "Halivuji, madam," aliniambia. "Ni sauti yake tu."

"Nifungie hilohilo," nikasema, kwa sauti yangu ileile.